Konde la Kijani Nje ya Feri

Anayengoja feri upande wa kisiwani, Mombasa, hakosi cha kutazama. Kuna foleni ya matatu na malori, kuna wachuuzi wanaopenya katikati ya watu, na mara kwa mara kuna meli kubwa ya makontena inayoingia Kilindini huku feri zikisimama kuipisha. Kivuko cha Likoni hakizidi sana nusu kilomita, lakini idadi inayotajwa ya wanaokivuka kwa siku ni zaidi ya watu laki tatu. Macho ya umati huo yako kwenye lango linalofunguka na kwenye saa. Maji yenyewe hutazamwa na wachache, na wakiyatazama huona rangi tu: kijani asubuhi maji yakijaa, kahawia baada ya mvua kubwa.

Chini ya feri, kweli, hakuna mengi ya kuona. Mlango wa Kilindini ni wa kina, na umechimbwa zaidi ili meli kubwa zipite. Jua halifiki sakafuni kwa nguvu ya kuotesha kitu. Lakini mkondo huohuo ukifuatwa kutoka nje, kupita miamba ya Mama Ngina mpaka baharini, sura hubadilika. Upande wa kusini uko mwamba wa Andromache, upande wa kaskazini mwamba wa Leven. Miamba hii huvunja mawimbi makubwa, na nyuma ya kinga kama hiyo, kuanzia Shelly Beach upande wa Likoni hadi Nyali na Bamburi, maji ni ya kina kifupi, mchanga ni mweupe na mwanga ni mwingi. Hapo ndipo lilipo konde. Bamvua likipwa, mtu hutembea juu yake akidhani anakanyaga majani tu.

Majani hayo si mwani, ingawa wengi mjini huyaita hivyo. Mwani, ule unaolimwa Paje kule Unguja au Kibuyuni kule Kwale, hauna mizizi ya kweli wala maua. Nyasi za bahari ni mimea kamili: ina mizizi inayofyonza chakula mchangani, ina mashina yanayotambaa chini ya ardhi, inatoa maua na mbegu. Asili yake ni mimea ya nchi kavu iliyorudi baharini zamani za mijusi wakubwa, ikajifunza kuishi ndani ya maji ya chumvi maisha yake yote. Duniani aina zake hazifiki mia moja. Kenya peke yake inazo 12, hesabu nzuri kwa pwani ambayo si ndefu.

Unaotawala ukoo huo katika pwani ya Kenya ni mmea ambao wanasayansi huuita *Thalassodendron ciliatum*. Ukiung'oa mmoja, kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni ugumu wake. Shina lake la chini ni kama mzizi wa mti, na hushika hata mwamba, pasipo mchanga wa kutosha. Kutoka hapo huinuka kijiti chembamba cha wima, na juu kabisa hukaa fungu la majani bapa yaliyopinda kidogo, yenye meno madogo kwenye ncha. Kijiti chote kina pete, moja juu ya nyingine. Kila pete ni alama ya jani lililodondoka. Mtafiti anayejua ni siku ngapi hupita kati ya jani na jani anaweza kuzihesabu pete hizo na kukwambia mmea una umri gani. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti kutoka Ulaya walitumia njia hiyo katika lagoni ya Kenya kujua mmea huu hukua vipi.

Kuzaliana kwake nako ni kwa ajabu. Mbegu haidondoki mchangani kungoja. Mche huanza kukua ukiwa bado umeshikwa na mama yake, kama ufanyavyo mkoko, kisha hukatika na kuelea hadi utakapopata mahali pa kushika. Mingi hutupwa ufukoni ikafa. Michache hufika.

Kupima ukuaji wa jani ambalo limo ndani ya maji muda wote kunahitaji kifaa kimoja kisicho ghali: sindano. Mtafiti hupiga mbizi wakati maji yametulia, akachagua vijiti kadhaa, akatoboa tundu dogo pale majani yanapotokea kwenye ala yake. Baada ya siku chache hurudi, huvikata vijiti vilevile na kuvipeleka maabara. Jani la nyasi hukua kutoka chini, si kutoka nchani, kwa hiyo tundu huwa limepanda juu. Kipande kilichoko kati ya pale tundu lilipo sasa na pale lilipotobolewa ndicho kilichoota siku hizo. Hukatwa, hukaushwa kwenye tanuri, hupimwa uzito kwa mizani ya vipimo vidogo sana. Hesabu ikizidishwa kwa idadi ya vijiti katika mita moja ya mraba, hupatikana mavuno ya konde kwa siku. Kazi ni ya kuchosha macho, lakini ndiyo iliyoonyesha kwamba kipande cha nyasi za bahari chenye afya kinaweza kuzalisha majani kwa kiwango ambacho mashamba mengi ya nchi kavu hayakifikii, bila mbolea ya mtu na bila jembe.

Siri ya uzalishaji huo ni jua. Mwani mdogo unaoelea baharini, usioonekana kwa macho, hutosheka na asilimia moja tu ya mwanga unaopiga uso wa maji. Nyasi za bahari zinataka zaidi sana. Kipimo kinachotumiwa mara nyingi duniani ni karibu asilimia 11. Sababu ni kwamba mmea huu una mizigo ambayo mwani hauna. Lazima ulishe mizizi na mashina yaliyozikwa katika tope lisilo na hewa, tope lile jeusi linalonuka kama yai lililooza ukilichimbua. Mchana, majani yakitengeneza chakula, hewa ya oksijeni hupita kwenye mirija iliyo ndani ya mmea hadi mizizini na kuizuia sumu ya tope isiingie. Maji yakiwa machafu kwa wiki nyingi, hewa hiyo hupungua, na mmea huanza kufa kutoka chini, wakati juu bado unaonekana wa kijani.

Sheria hiyo ya mwanga haibagui maji ya chumvi na maji baridi. Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa, lilikuwa na vichaka vizito vya mimea ya chini ya maji, na ndege wa majini kwa maelfu waliolishwa navyo. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi ambao asili yao ni Louisiana, Marekani, kwa ajili ya biashara. Kamba hao hukata mimea kwa magando na kuchimbua tope. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, mimea ya chini ya maji ilikuwa karibu imetoweka ziwani, na ndege waliokuwa wakiitegemea wakapungua mno. Baadaye idadi ya kamba iliposhuka, mimea ikarudi. Walipoongezeka, ikapungua tena. Juu ya hayo, magugu yanayoelea yalifunika sehemu za ziwa na kuziba jua, na udongo kutoka milimani ukafanya maji kuwa ya tope. Anayetaka kuelewa kinachoweza kuipata lagoni ya Mombasa hana haja ya kwenda mbali kuliko Naivasha.

Mombasa yenyewe imejaa vyanzo vya tope. Hori ya Tudor, inayozunguka kisiwa upande wa kaskazini hadi Mji wa Kale, hupokea mito ya Kombeni na Tsalu. Port Reitz, nyuma ya Kilindini, hupokea Mwache na wenzake kutoka Kwale. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipopiga, Mwache ulileta udongo mwingi kiasi cha kuua mikoko kwa ekari na ekari katika mdomo wake. Mikoko ina shina juu ya maji na watu huiona ikikauka. Nyasi zilizofunikwa na udongo huohuo hufa zisionekane na mtu ila mvuvi.

Tope silo adui pekee. Sehemu kubwa ya Mombasa haijaunganishwa na mfereji wa maji taka. Vyoo huishia kwenye mashimo, na mashimo yamechimbwa kwenye jiwe la matumbawe lenye vitundu tele. Maji hupenya humo polepole na kutokea baharini chini ya mchanga. Mikindani, kando ya hori ya Tudor, maji taka mabichi hupita moja kwa moja kwenye mikoko, na watafiti wameyachunguza huko kwa miaka. Upande wa Nyali, maji ya chini ya ardhi hutiririka lagoni yakiwa na mbolea nyingi kuliko yale ya Vipingo, kaskazini zaidi. Tofauti hiyo ndiyo iliyompa Jacqueline Uku, mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iliyoko Mkomani, nafasi ya kuweka Nyali na Vipingo kwenye mizani moja. Pamoja na Mats Björk alilinganisha ukuaji wa aina tatu za nyasi katika sehemu hizo mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2005.

Mtu wa kawaida angefikiri mbolea zaidi ni majani zaidi. Shambani mara nyingi ni hivyo. Majini mambo hugeuka, kwa sababu mbolea hunufaisha kwanza kile kinachokua haraka, na kinachokua haraka kuliko nyasi ni utando wa mwani mdogo unaoota juu ya majani yenyewe. Jani la zamani la nyasi karibu na mji huwa limevaa koti la kahawia na chokaa kutoka ncha hadi katikati. Koti hilo hunyonya mwanga kabla haujalifikia jani. Wanyama wanaolila husaidia kulisafisha: konokono wadogo, kaa, na samaki wanaoparuza. Wakivuliwa wote, nyasi hubaki zimelala chini ya blanketi ambalo mji wenyewe umelifuma.

Na hapo hadithi inaingia kwenye malema ya wavuvi. Tafi, samaki anayependwa sana katika soko la samaki la Mombasa, hula majani na mwani, na mvuvi wa malema humtega kwa kutia mwani ndani kama chambo. Pono mwenye madoa, jamaa wa pono wa matumbawe, hujificha kabisa katika nyasi na rangi yake inafanana nazo. Changu wachanga hulelewa humo kabla ya kwenda mwambani. Mchuzi wa changu unaoliwa Mji wa Kale siku ya Ijumaa, sehemu yake imeota kutoka konde hili. Kasa wa kijani nao wanalishwa nalo, na nguva pia, ingawa nguva waliobaki Kenya ni wachache mno na wanatajwa zaidi upande wa Lamu.

Yuko mlaji mwingine ambaye hakuna mvuvi anayempenda. Ni yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, urchini, hasa wa aina ya *Tripneustes gratilla*, ambaye miiba yake ni mifupi na hukusanya majani mgongoni kama mtu aliyejitwika mzigo. Mmoja mmoja hana madhara. Taabu huja wanapokusanyika na kusonga mbele kwa mstari, wakiacha nyuma yao vijiti vitupu. Teresa Alcoverro na Simone Mariani walieleza mwaka 2002 jinsi mistari hiyo ilivyokuwa ikila nyasi katika lagoni ya Kenya. Kinachofanya *Thalassodendron* kuumia kuliko aina nyingine ni umbo lake lenyewe. Nyasi nyingi za bahari huficha kiini cha ukuaji karibu na mchanga, hivyo jani likiliwa huota jingine. Mmea huu umekinyanyua kiini chake juu ya kijiti, pamoja na majani. Urchini akila sehemu ya juu, kijiti kizima kimekwisha.

Kwa nini urchini wamekuwa wengi? Tim McClanahan, aliyetafiti miamba ya Kenya kwa miongo mingi, anaelekeza kidole kwenye samaki wanaowala, hasa kikande, ambaye hujua kuwapindua na kuwapasua kwa meno. Kikande huingia malemani na mishipini kirahisi, na akivuliwa sana urchini hubaki bila wa kuwapunguza. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, lakini uvuvi ndani yake ulikuja kuzuiwa kwa dhati kuanzia 1991. Samaki wakaongezeka, urchini wakapungua. Nje ya mipaka ya hifadhi hali ilibaki kuwa ya kubahatisha. Juya, wavu unaokokotwa sakafuni hadi ufukoni na kung'oa nyasi pamoja na samaki wachanga, lilipigwa marufuku na serikali mwaka 2001. Linaonekana bado katika baadhi ya fuo, na wavuvi wanaotumia zana nyingine ndio wa kwanza kulilalamikia.

Majani yasiyoliwa yanakwenda wapi? Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, jibu hulala ufukoni: mafungu ya kahawia, mahali pengine yakifika magotini, kuanzia Nyali hadi Bamburi. Wageni hukunja pua, na hoteli huajiri vijana wa kuyakusanya kwa reki alfajiri. Caroline Ochieng na Paul Erftemeijer waliyapima mafungu hayo na kuchapisha mwaka 1999. Sehemu kubwa ilikuwa nyasi, na aina iliyoongoza ilikuwa ileile yenye vijiti vya pete. Kuyaita takataka ni kutoelewa. Ni ziada ya konde, majani makuukuu yaliyomaliza kazi yao, na yakiachwa hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, hulisha kaa na wadudu, na sehemu yake hurudi majini kuwa mbolea. Ufuko unaorekiwa kila siku hupoteza mchanga pamoja na majani, kisha mwenye hoteli hutafuta fedha za kujenga ukuta wa kuzuia bahari.

Miaka ya karibuni nyasi hizi zimepata wateja wapya: watu wa hewa ya ukaa. Ghuba ya Gazi, safari ya saa moja na zaidi kutoka Likoni, ndiko ulikoanzia mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 umeuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko. Katika ghuba hiyohiyo Michael Githaiga na wenzake walichimba mchanga chini ya nyasi na kuonyesha, katika makala ya 2017, kwamba una kaboni nyingi kuliko mchanga mtupu ulio jirani. Kisha waliziondoa nyasi katika vipande vidogo kwa makusudi ili waone kitakachotokea: kaboni ilipungua na wanyama wa mchangani wakabadilika, tena upesi. Kaboni iliyozikwa kwa miaka mingi haina haja ya miaka mingi kutoka.

Na inatoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier walitazama picha za satelaiti za pwani ya Kenya na kukadiria, katika makala ya 2018, kuwa nyasi zilizobaki zilifunika takriban kilomita za mraba 317, na kwamba kasi ya kupotea kwake ilikuwa imeongezeka tangu mwaka 2000 hadi kupita asilimia moja na nusu kwa mwaka. Mombasa, yenye bandari inayopanuka, meli zinazotia nanga na vyoo vinavyovuja, haiwezi kujihesabu nje ya takwimu hiyo.

Kuna wanaopanda upya. KMFRI imefanya kazi hiyo na wanakijiji wa Wasini, kusini kabisa mwa Kwale, kwa kupachika vichipukizi kwenye magunia ya nyuzi yanayofungwa sakafuni hadi mizizi ishike. Gunia huoza lenyewe baadaye. Kazi hufanywa maji yakipwa, wanawake kwa wanaume, na inashindwa mara nyingi kama walaji hawajapungua au maji hayajasafika.

Mpangaji wa kazi kama hiyo hukutana na hesabu moja ngumu. Shina la chini la *Thalassodendron* husonga mbele takriban sentimita 16 tu kwa mwaka, wakati jamaa yake mdogo *Halophila ovalis*, mwenye majani kama kijiko, hupita mita 3. Kwa hiyo pengo la mita 10 lililokatwa na nanga au lililolimwa na urchini, likizibwa na mmea mkubwa peke yake kutoka kingo zote mbili, linahitaji miaka 30 hivi, isipokuwa miche inayoelea ibahatike kutua katikati. Aina ndogo zinaweza kulivika kijani mapema zaidi na kutuliza mchanga, na miche mikubwa ikapata pa kushika. Mpiga mbizi anayeshuka leo nyuma ya mwamba wa Leven akakuta uwazi mweupe katikati ya majani, huenda anatazama jeraha la zamani kuliko yeye mwenyewe.